Mimi, Wewe na Nyasi: Demokrasia na Tasawufi katika Ushairi wa Marekani

Utangulizi

Mwezi Julai mwaka 1855 kitabu chembamba chenye jalada la kijani kilianza kuuzwa Brooklyn na New York. Zilichapwa nakala 795 tu. Ukurasa wa mbele haukuwa na jina la mwandishi. Mahali pake palikuwa na picha ya mwanamume mwenye ndevu, kofia kaiweka upande, shati wazi shingoni, mkono mmoja mfukoni na mwingine kiunoni, mithili ya fundi aliyetoka kazini sasa hivi. Ndani mlikuwa na mashairi 12 yasiyo na vina wala mizani. Ni katikati ya shairi la kwanza, refu kuliko yote, ndipo mtunzi anapojitaja jina: Walt Whitman. Kitabu ni Leaves of Grass, yaani Majani ya Nyasi, na tangu hapo ni vigumu kuzungumzia ushairi wa Marekani bila kukigusa.

Whitman anadai mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kwamba watu wote ni sawa, na kwamba yeye hatakubali kitu chochote ambacho wengine hawawezi kukipata kwa masharti yale yale. Hiyo ni demokrasia. Pili, kwamba nafsi yake na nafsi ya msomaji ni kitu kimoja, na kwamba ipo hali ambayo binadamu huufikia ukweli huo moja kwa moja, bila padri, bila kitabu, bila hoja. Hali hiyo ndiyo ninayoiita tasawufi katika makala haya, nikiwa na maana pana ya neno, si tariki za Kiislamu peke yake.

Sasa basi, mtu anayesema kwamba mimi na wewe ni nafsi moja, anaijenga demokrasia au anaifunika blanketi? Katika semina zetu nimesikia majibu mawili yakirudiwa. Wapo wanaosema tasawufi ni kasumba: humwambia mnyonge kuwa tayari yu sawa na tajiri mbele ya Roho Kuu, kwa hiyo atulie. Wapo pia wanaosema kwamba kwa Whitman hayo mawili ni pete na kidole, hakuna haja ya kuyatenganisha. Mimi siwezi kukubaliana na upande wowote mpaka niulize: mwaka gani, na nani alikuwa amebaki nje ya mlango mwaka huo? Nitajaribu kuonyesha kuwa mwaka 1855 tasawufi ya Whitman ilikwenda mbele kuliko siasa yake, na kwamba baada ya 1865, sheria ya nchi ilipoanza kwenda mbele, tasawufi hiyo ilipaa juu na kuwaacha watu wengine chini.

Nuru ya ndani kabla ya Whitman

Whitman hakuanza na ukurasa mtupu. Kudai kwamba Mungu husema na mtu wa kawaida moja kwa moja ni jambo la zamani Marekani, na watawala waliitambua hatari yake mapema. Anne Hutchinson, aliyedai kupokea ufunuo bila kupitia kwa wachungaji, alifukuzwa Massachusetts mwaka 1638. Mary Dyer, Mkweka, alinyongwa Boston tarehe 1 Juni 1660 kwa kurudi katika koloni lililokwisha kumpiga marufuku. Kwa nini serikali imwogope mwanamke anayesali? Kwa sababu kama nuru iko ndani ya kila mtu, basi mwenye mimbari hana cha kuuza.

Wakweka walilifanya wazo hilo kuwa utaratibu wa maisha. Katika ibada zao za kimya mtu yeyote aliyeguswa, mwanamume au mwanamke, angeweza kusimama na kusema. Mwaka 1688 kikundi kidogo huko Germantown, Pennsylvania, kiliandika tamko la kupinga utumwa. Hata hivyo ilichukua mpaka 1776 kwa mkutano mkuu wa Wakweka wa Philadelphia kuwakataza waumini wake kumiliki watumwa. Tusiipite haraka hesabu hiyo. Toka 1688 hadi 1776 ni miaka 88. Nuru ilikuwapo, lakini ilimbidi mtu aisukume.

Mama yake Whitman, Louisa Van Velsor, alitoka katika ukoo wenye asili ya Kikweka. Mwaka 1829 wazazi wake walimchukua Walt, akiwa na miaka 10, kwenda kumsikiliza mhubiri mzee wa Kikweka, Elias Hicks. Whitman hakumsahau kamwe, na mwaka 1888 alikuwa bado anaandika juu yake. Shule aliiacha akiwa na miaka 11, akaingia kazi ya ofisini, kisha akajifunza uchapaji. Baba yake alikuwa seremala. Huyu hakuwa msomi wa Harvard.

Msomi wa Harvard alikuwa Ralph Waldo Emerson. Mwaka 1832 Emerson aliacha uchungaji Boston kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu tena kuendesha ibada ya Meza ya Bwana. Mwaka 1836 alitoa kitabu kiitwacho Nature, na mwaka 1841 insha ya The Over-Soul, ambamo anaeleza juu ya Roho Kuu moja ambayo roho zote zimo ndani yake. Mwaka 1844, katika insha yake juu ya mshairi, alilalamika kwamba Marekani bado haijampata mtunzi wa kuiimba ilivyo. Lakini Emerson huyu huyu alichelewa kuupinga utumwa hadharani kwa nguvu. Hotuba yake kubwa ya kwanza juu ya jambo hilo ni ya Agosti 1844. Kwa hiyo tusidanganyane: kuamini kwamba roho zote ni moja hakumfanyi mtu apande jukwaani kesho yake.

Mwaka 1855: nani alikuwa mtu?

Ili tuelewe uzito wa kitabu kile, lazima tujue Marekani ya 1855 ilimhesabu nani kuwa mtu. Sensa ya 1850 ilikuta watumwa zaidi ya milioni 3.2. Sheria ya mwaka huo huo ya kuwarudisha watumwa waliotoroka iliwalazimisha hata raia wa majimbo ya kaskazini kusaidia kuwakamata. Wala tusidhani kwamba New York, jimbo la Whitman, lilikuwa peponi. Katiba yake ya 1821 ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, wakati sharti la mali kwa wazungu lilikwisha kabisa mwaka 1826. Mwaka 1846 wapiga kura wa jimbo waliulizwa kama wanataka kuliondoa sharti hilo. Walikataa. Wanawake, weupe kwa weusi, hawakuwa na kura kabisa.

Whitman mwenyewe alisimama wapi? Kuanzia 1846 alikuwa mhariri wa gazeti la Brooklyn Daily Eagle. Mapema mwaka 1848 alipoteza kazi hiyo kwa kung'ang'ania kwamba utumwa usiruhusiwe kuenea katika ardhi mpya za magharibi. Akaenda New Orleans kwa miezi michache, mji ambamo watu walinadiwa hadharani kama ng'ombe. Agosti mwaka huo alikuwa mjumbe katika mkutano wa chama cha Ardhi Huru mjini Buffalo. Ukiyasoma haya haraka utasema: mwanamapinduzi! Lakini ukisoma hoja zake gazetini, hasa za 1847, utakuta kilio chake kikubwa ni cha fundi mzungu ambaye ujira na heshima yake vitashuka akishindanishwa na kazi ya mtumwa. Mtumwa mwenyewe yuko mbali, pembeni ya picha. Hiyo ndiyo siasa ya Whitman mwanahabari.

Sasa tazama mshairi. Katika shairi lile refu, ambalo baadaye aliliita Song of Myself, mtumwa aliyetoroka anafika nyumbani kwa msemaji. Msemaji anamwingiza ndani, anamwogesha, anampa nguo na chumba kinachopakana na chake, anakaa naye mezani wiki nzima, na bunduki imeegemezwa pembeni. Kwa sheria ya 1850 hilo ni kosa la jinai. Mahali pengine msemaji hamhurumii tena mtumwa kwa mbali bali anageuka kuwa yeye, akikimbizwa na mbwa. Katika shairi lingine la kitabu hicho hicho, lililokuja kuitwa The Sleepers, inasikika sauti ya ghadhabu ya mtu aliyeonewa, Lusifa, akiapa kwamba mdhalimu wake atajibu. Mwanahabari wa 1847 asingethubutu kuandika hivyo.

Kitu gani kilimvusha? Hapa ndipo nasema ni tasawufi. Mapema katika shairi lile msemaji amelala juu ya nyasi asubuhi moja ya kiangazi. Anakumbuka namna roho yake na mwili wake vilivyokutana, na amani na maarifa yaliyomjia, hata akajua kwamba wanaume wote waliopata kuzaliwa ni ndugu zake na wanawake wote ni dada zake. Papo hapo mtoto anamjia na kiganja kimejaa nyasi, anamuuliza: hii ni nini? Msemaji hana jibu moja. Anabahatisha: labda ni leso ya Mungu aliyoidondosha makusudi, labda ni nywele za makaburi, labda ni maandishi yanayoota sawasawa kwenye ardhi pana na nyembamba, kati ya watu weusi na kati ya weupe. Fumbo la kifo na swali la rangi vimejibiwa na jani moja. Wanasiasa wa 1855 walikuwa wanabishana mstari wa mpaka upite wapi. Nyasi hazijui mpaka.

Fani inakubaliana na maudhui. Sisi ambao tangu Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974 tumebishana sana juu ya vina na mizani tunajua kwamba kuvunja umbo si jambo dogo. Whitman alilivunja kwa sababu. Mstari wake hauna cheo: hurefuka kadiri ya pumzi, na kila mstari huanza upya, sawa na wenzake. Ndani yake huorodhesha watu. Katika orodha moja, kahaba anayechekwa na wahuni amekaa mistari michache tu kabla ya Rais wa nchi na mawaziri wake. Hakuna daraja kati yao wala neno la kuomba radhi. Wahakiki wengine huziona orodha hizi kuwa ni uchovu wa mtunzi, eti kama daftari la duka. Mimi naona ndipo falsafa yake ilipo. Kama kila nafsi ina uungu, huwezi kufanya muhtasari, maana ukifanya muhtasari kuna mtu utamwacha.

Emerson alikisoma na tarehe 21 Julai 1855 akamwandikia mtunzi barua ya pongezi. Whitman, mtu wa magazeti bwana, aliitoa gazetini bila kuomba ruhusa, na katika toleo la 1856 akayachapa maneno ya Emerson kwa dhahabu kwenye mgongo wa kitabu. Mwaka huo huo Henry David Thoreau, msomaji mkubwa wa Bhagavad Gita, alimtembelea Brooklyn akamwambia kitabu chake kinafanana ajabu na maandiko ya Mashariki. Akamuuliza kama ameyasoma. Whitman akajibu hapana, hebu nieleze habari zake. Tulikubali jibu hilo au tulitilie shaka, chimbuko la karibu zaidi la tasawufi yake lipo pale pale nyumbani: Wakweka, Emerson na mtaa.

Baada ya vita: sheria mbele, shairi nyuma

Machi 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu wa asili ya Kiafrika hawezi kuwa raia. Miaka minne baadaye nchi ilikuwa vitani. Mwishoni mwa 1862 Whitman alisikia kuwa ndugu yake George amejeruhiwa Fredericksburg, akaenda kumtafuta. Alimkuta na jeraha dogo, lakini yeye hakurudi nyumbani. Alikaa Washington akihudumia majeruhi hospitalini. Kwa hesabu yake mwenyewe alifanya ziara zaidi ya 600. Aliwaandikia barua askari wasiojua kuandika, akawapa matunda na tumbaku, akawashika mikono wakifa. Sijui mshairi mwingine wa wakati wake aliyelipia umoja wa nafsi kwa jasho kiasi hicho. Hapa wale wanaosema kasumba wanapaswa kunyamaza kidogo.

Vita vikaisha mwaka 1865, na sheria ikaanza kukimbia: mwaka huo utumwa ulifutwa, mwaka 1868 uraia ukathibitishwa, na mwaka 1870 rangi ikakatazwa kuwa sababu ya kumnyima mwanamume kura. Ndipo hata lile sharti la dola 250 la New York likafa. Ungetazamia kwamba mshairi wa watu wote angeshangilia kuliko wote. Lakini wapi! Mwaka 1868, katika barua kwa mama yake, Whitman alieleza maandamano ya watu weusi mjini Washington baada ya uchaguzi kwa maneno ya dharau, akiwafananisha na wanyama. Mwaka 1871 alitoa Democratic Vistas, insha kali inayokiri kwamba demokrasia ya Marekani imeoza kwa rushwa na kwamba demokrasia ya kweli bado haijapatikana. Ni insha ninayoiheshimu. Hata hivyo watu weusi, ambao kura yao ndiyo iliyokuwa swali kubwa la miaka ile, wanapita ndani yake kama vivuli.

Mwaka huo huo likatoka Passage to India. Shairi linasherehekea kazi tatu: waya wa simu uliovuka Atlantiki (1866), reli iliyounganisha pwani mbili za Marekani (Mei 1869) na mfereji wa Suez (Novemba 1869). Kutoka hapo roho inang'oa nanga, inapita India, inaelekea kwa Mungu. Ni tasawufi iliyo safi kuliko ile ya 1855, na wahakiki wengi huipenda kwa usafi huo. Mimi usafi wenyewe unanitia wasiwasi. Sehemu ya magharibi ya reli ile ilijengwa na maelfu ya vibarua wa Kichina, na shairi haliwataji. Mshairi wa orodha, yule ambaye hakutaka kumwacha hata kahaba wa mtaani, safari hii ameona treni bila kuona mikono iliyotandaza mataruma. Mwaka 1882 sheria ya nchi ikawafungia Wachina mlango.

Ushahidi wa pili uko katika shairi dogo la 1871, Ethiopia Saluting the Colors. Bibi kizee mweusi amesimama kando ya njia na kilemba chake cha manjano, nyekundu na kijani, akiisalimu bendera ya jeshi linalopita. Msemaji ni askari. Anamtazama bibi, anamuuliza wewe ni nani, na ingawa bibi anajibu kwamba alikamatwa akiwa mtoto na kuvushwa bahari, askari anabaki kushangaa. Mwaka 1855 Whitman aliingia ndani ya mtumwa; mwaka 1871 amesimama barabarani na kuuliza. Tena shairi hili lina vina! Mtunzi aliyevunja umbo ili wote waingie amelirudia umbo la zamani pale anapomtazama mtu ambaye hawezi kuingia ndani yake.

Ushahidi wa tatu ndio unaoniuma zaidi. Katika toleo la 1881 Whitman alilipitia tena The Sleepers, na ile sauti ya Lusifa aliyeonewa akaifuta kabisa.

Langston Hughes anadai kiti

Je, basi tuitupe tasawufi? Historia ya ushairi wenyewe inatukataza. Mwaka 1920 kijana mweusi, Langston Hughes, akiwa ndani ya treni inayovuka mto Mississippi kwenda kwa baba yake Mexico, aliandika The Negro Speaks of Rivers, lililochapishwa katika The Crisis Juni 1921. Msemaji wake ni Mimi yule yule mkubwa wa Whitman, anayeishi kupita miaka. Ameoga Frati, amejenga kibanda karibu na Kongo, ameuona mto Naili na Mississippi. Lakini Mimi huyu ana historia ya watu fulani. Hakusemewa, anasema.

Kisha likaja I, Too, lililomo katika diwani yake ya 1926. Whitman alikuwa na shairi la kuisikia Marekani ikiimba kwa midomo ya mafundi wake. Hughes anajibu kwamba naye anaimba, kisha anataja jambo dogo la nyumbani: wageni wakija, yeye hupelekwa kula jikoni. Kesho atakaa mezani. Ona anavyofanya. Hakatai umoja uliohubiriwa na Whitman. Anauliza kiti kiko wapi. Wala hakumtupa mzee. Mwaka 1946 aliwahaririia vijana mkusanyiko wa mashairi ya Whitman.

Hitimisho

Wanaosema tasawufi ni kasumba hawawezi kunieleza kwa nini Massachusetts ilimnyonga Mary Dyer, wala kwa nini mwanahabari mwenye hofu za fundi mzungu alimpa mtumwa mtoro chumba jirani na chake. Wanaosema tasawufi na demokrasia ni kitu kimoja hawawezi kunieleza barua ya 1868. Nionavyo, kuona kwamba nafsi ni moja ni kuahidi. Ahadi hiyo hupimwa kwa mambo ya chini kabisa: nani anataja jina lake mwenyewe, nani ana kura, nani yuko mezani na nani yuko jikoni. Whitman wa 1855 aliahidi kuliko alivyokuwa tayari kulipa, na deni hilo limedaiwa na washairi waliomfuata.

Lipo jambo moja la kazi kwetu wanafunzi. Vitabu vingi vya kufundishia hutumia toleo la mwisho la Leaves of Grass, la 1891-92, lile lililopangwa na mzee kabla hajafa Machi 1892. Anayesoma hilo peke yake hatakutana na Lusifa, kwa hiyo hatajua kwamba sauti hiyo ilipata kuwapo. Tulitafute toleo la 1855, tuyaweke mawili hayo mezani pamoja, ndipo tuanze kubishana.